Mtoto anasomea nyumbani Uingereza na wewe uko kwenye benefiti: hela ya kaunsili inaombwaje na inatunzwaje

Naandika hii kwa sababu wiki haipiti bila dada mmoja kunitumia voisi ya dakika saba, eti kasikia kaunsili wanalipa ukimsomesha mtoto nyumbani, sasa na yeye afanyeje apate. Jibu fupi ni hawalipi. Jibu refu ni kwamba ipo njia moja wanayolipa, na hela zake sio za mchezo, ila ukianza vibaya unaifunga mwenyewe kwa barua yako mwenyewe, na ukishaipata huku uko kwenye Universal Credit, ile benefiti kuu ya serikali kwa wenye kipato kidogo, inabidi uishike kama mweka hazina wa kikoba, maana wote tunajua yanayomkuta mweka hazina aliyechanganya hela za wenzake na za sukari ya nyumbani kwake.

Haya yote ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao za watoto wenye mahitaji maalumu, msichukue hii mkaenda kubishana nayo Glasgow.

Hatua ya 1: usiandike barua ya kumtoa shule, bado

Hapa ndo wengi wanapoangukia. Mtoto hataki shule, asubuhi anatapika, simu za shule haziishi, halafu siku moja mwalimu anakwambia kwa upole kabisa labda nyumbani patamfaa zaidi, na wewe umechoka, usiku unakaa unamwandikia hedimasta imeili ya mistari mitatu. Wangu alikuwa anakaa kwenye ngazi, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, hasemi kitu, na mimi nishachelewa shifti. Imeili nilishaiandika, kilichoniokoa ni simu kuzima chaji tu.

Kisheria hiyo barua inafanya kazi kweli. Shule ya kawaida ikipata maandishi yako kwamba utamsomesha mwenyewe inamfuta kwenye rejista, haidai hata sababu (shule maalumu aliyopangiwa na kaunsili ni tofauti, hapo lazima kaunsili wakubali kwanza). Kifungu cha 7 cha Sheria ya Elimu ya 1996 kinasema mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, shuleni au vinginevyo, na hiyo "vinginevyo" ndo mlango tunaopitia wanaosomesha nyumbani. Lakini ukipita hapo kwa hiari yako umejitwika mzigo wote, vitabu wewe, tuisheni wewe, laptopu wewe, ada ya GCSE, ile mitihani ya miaka 16, kama mtahiniwa binafsi wewe, na lanchi ya bure ya shule ndo basi tena. Kaunsili hawana wajibu wa kukupa hata penseli, wakisaidia ni hisani yao. Na kama mtoto ana EHCP, yaani ile plani ya mahitaji maalumu, kisheria kaunsili ndo wanaolazimika kumpatia kila kilichoandikwa humo, ila ukisema umeshampangia elimu yako mwenyewe nyumbani, huo wajibu unawatoka. Umewasaidia kuokoa hela.

Kama mtoto anaumwa au wasiwasi umemzidi hawezi kwenda, mwache kwenye rejista kwanza, uandike shule na kaunsili kwamba hawezi kuhudhuria kwa sababu za afya, weka barua ya GP (daktari wenu wa kawaida), na utaje kifungu cha 19 cha sheria hiyohiyo ya 1996. Kinawalazimu kaunsili kumpangia elimu mtoto asiyeweza kwenda shule kwa ugonjwa au sababu nyingine, na mwongozo wa serikali unasema ikishaonekana atakosa siku 15 au zaidi wasikae wanaangalia tu. Watakwambia hawana bajeti. Waambie sawa, naomba hilo jibu kwa maandishi.

Hatua ya 2: jua jina la unachoomba

Kuna vitu viwili vinafanana ukiviona kwa nje, vyote mtoto yuko nyumbani na daftari mezani. Cha kwanza ni kusomesha nyumbani kwa hiari, ndo hicho nimesema hakina hela. Cha pili kinaitwa EOTAS, wenyewe wanatamka kama iotas, kiko kwenye kifungu cha 61 cha Sheria ya Watoto na Familia ya 2014. Hapo kaunsili wenyewe wanakubali kwamba kwa mtoto huyu kufundishiwa shuleni hakufai, sio shule hii tu, shule yoyote, kwa hiyo wanampangia elimu nje ya shule na wanalipa. Pia inaweza isiwe yote, sehemu ya masomo ikawa shuleni na sehemu nje.

Kwa hiyo kwenye mikutano chunga mdomo. Usiseme "nimeamua kumsomesha nyumbani". Sema "hawezi kuhudhuria shule, na naomba EOTAS". Sentensi ya kwanza ikiingia kwenye minitsi zao utaitafuna miaka miwili.

Hatua ya 3: EHCP, na sehemu F uipiganie neno kwa neno

Bila EHCP hakuna EOTAS ya namna hii. Unaomba tathmini mwenyewe kwa imeili, huhitaji ruhusa ya shule, na hata kama ulishamtoa mtoto shule bado unaweza kuomba, kwa hiyo mliokwisha kuandika barua msilie, njia ipo ila ndefu. Kaunsili wana wiki 6 za kukujibu kama watafanya tathmini, na toka siku umeomba mpaka plani ya mwisho ni wiki 20. Mara nyingi wanachelewa, andika tarehe ukutani.

Rasimu ikija usisome mwanzo mwanzo kule wanakomsifia mtoto anapenda treni na LEGO, nenda sehemu F, ile inayoorodhesha msaada atakaopewa. Pale ndo pesa ilipo. Rasimu ya kwanza niliyopewa iliandika eti atapata nafasi ya kufikia msaada wa usemi pale inapofaa. Hebu isome tena taratibu, kuna chochote humo? Hakuna saa, hakuna mtu, hakuna mara ngapi. Nilivyoirudisha nikaomba iandikwe: saa 10 kwa wiki za mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja mwenye uzoefu wa usonji, wiki 38 kwa mwaka, na mtaalamu wa usemi saa 1 kila wiki 2, na ripoti kila muhula. Kitu kilichoandikwa hivo unaweza kukidai, cha kule juu huwezi kudai chochote. Ushahidi unatoka kwenye ripoti za wataalamu, hivyo mwanasaikolojia wa elimu akija mwambie waziwazi aandike saa, asiandike "mara kwa mara".

Sehemu I, ile ya jina la shule, kwenye EOTAS kamili inaachwa tupu, na utaratibu wote unaingia F. Wakikupa plani yenye jina la shule usiyoikubali una haki ya rufaa kwenye baraza la SEND, yaani la mahitaji maalumu, una miezi 2 toka tarehe ya barua yao au mwezi 1 toka cheti cha usuluhishi, ile inayokuja mwisho. Rufaa haina ada. IPSEA, shirika la hisani la sheria za mahitaji maalumu, wana mifano ya barua bure kabisa, na kila eneo la kaunsili lina SENDIASS, huduma ya ushauri kwa wazazi, nao ni bure, ukipiga simu waulize tu kama kuna mkalimani. Wengi wetu tunaona aibu kuomba mkalimani, tunaitikia "yes yes" mkutano mzima halafu tunakuja kuulizana kwenye WhatsApp walisema nini.

Hatua ya 4: omba bajeti binafsi, halafu chagua nani ataishika hela

Plani ikiwa rasimu, au kwenye rivyu ya kila mwaka, una haki ya kuomba bajeti binafsi, inaandikwa sehemu J. Wengi wanadhani bajeti binafsi lazima iingie kwako. Hapana, inashikwa kwa namna tatu: kaunsili wanabaki na hela na wanalipa wenyewe mnavyokubaliana, au inaenda kwa shirika la tatu linalolipa bili kwa niaba yako, au inakuja kwako moja kwa moja. Unaweza pia kuchanganya.

Mimi nawaambia watu walioko kwenye benefiti, kama huna roho ya makaratasi chagua ya kwanza au ya pili. Hakuna zawadi ya kushika hela mwenyewe. Faida yake ni kwamba unachagua mwalimu na unamlipa kwa wakati, na hasara ni yote yanayofuata hapa chini. Halafu wakikataa kukupa moja kwa moja hilo huwezi kulipeleka kwenye baraza la SEND, unaomba tu waufikirie upya uamuzi wao. Ila kukataa kwako kupewa hela mkononi hakufuti sehemu F, bado lazima wampatie mtoto vilivyoandikwa.

Hatua ya 5: akaunti ya peke yake, na isiingie yote kwa mpigo

Fungua akaunti isiyo na kitu kingine chochote ndani, au chukua ile kadi ya kujazwa ambayo kaunsili nyingi wanatoa. Hela ya mtoto tu. Isiingie Child Benefit (ile hela ya serikali ya kulea mtoto) humo, wala mchango wa harusi, wala usimtumie mama kwa M-Pesa hata kama utairudisha kesho.

Sasa piga hesabu na mimi. Saa 10 kwa wiki, wiki 38, ni saa 380. Mwalimu akitoza pauni 40 kwa saa ni pauni 15,200 kwa mwaka. Universal Credit wanaangalia akiba: chini ya pauni 6,000 hawajali, juu ya hapo kila pauni 250 au kipande chake wanakukata pauni 4.35 kwa mwezi, na ukizidi 16,000 huna haki kabisa. Ile 15,200 ikiangukia kwenye akaunti yenye jina lako siku moja na mtu wa DWP, wizara inayolipa benefiti, akaihesabu kama yako, ni makato ya pauni 160.95 kila mwezi, na ukiwa na akiba yako ya elfu moja tu pembeni ushavuka mstari. Hoja yako itakuwa hii sio akiba yako, ni hela ya kulipia huduma iliyoandikwa kwenye plani ya mtoto na ukiitumia vingine unairudisha, na hoja hiyo ni nzuri, lakini nani anataka kwenda kuitoa wakati kodi ya nyumba imekwama? Waombe kaunsili walipe kila mwezi, hapo ni kama pauni 1,267, mwalimu analipwa, akaunti inabaki karibu tupu.

Upande wa kipato hofu ni ndogo. Universal Credit wana orodha ya vipato visivyo vya kazi wanavyokata, na hela ya kaunsili ya elimu ya mtoto haimo kwenye hiyo orodha. Ila usinyamaze. Siku ya kwanza tu andika kwenye jono lako la mtandaoni, ile sehemu ya ujumbe kwenye akaunti yako ya Universal Credit, sentensi tatu: napokea malipo ya kaunsili kwa ajili ya EHCP ya mtoto wangu, yako akaunti ya peke yake, naambatanisha barua ya makubaliano. Wakikuita kwenye ukaguzi huwa wanaomba stetimenti za miezi 4 za akaunti zote, zote kabisa, na pale ujumbe wako wa zamani ndo unakutetea.

Na usijilipe. Usimlipe mume wala shangazi mnayekaa nyumba moja bila kaunsili kukubali kwa maandishi. Ukilipwa kumfundisha mtoto wako huo unaanza kuonekana mshahara, na mshahara unakatwa. Pia hii hela hairuhusiwi kulipia nafasi ya shule au chuo.

Hatua ya 6: risiti

Kila malipo yawe na invoisi au risiti. Mimi nina daftari la kawaida la mistari, tarehe, nani, kiasi, ni kipengele gani cha sehemu F. Kaunsili wanatakiwa kukagua angalau mara moja ndani ya miezi 3 ya mwanzo, na wanaweza kuomba makaratasi wakati wowote.

Mwezi wa pili nilichomoa kadi ya hela ya mtoto kimakosa kwenye duka la Waasia, maharage na unga wa sembe, pauni 7.40. Nilijua nikiwa nishafika nyumbani napanga vitu kabatini, jasho lilinitoka kama nimeiba benki. Nilichofanya: siku ileile nikarudisha pauni 7.40 kutoka akaunti yangu, kwenye maelezo ya muamala nikaandika marejesho ya kosa, nikabandika risiti kwenye daftari, nikamwandikia imeili mtu wa kaunsili. Akajibu neno moja, asante. Toka siku hiyo ile kadi inakaa kwenye bahasha kwenye droo, hailali kwenye pochi.

Mwalimu unayemlipa uliza kama amejiajiri na analipa kodi yake mwenyewe. Kama wewe ndo unampangia kila kitu na hana wateja wengine, HMRC, watu wa kodi, wanaweza kusema wewe ni mwajiri wake, na hapo kuna PAYE (kodi ya kukata kwenye mshahara), pensheni na bima ya mwajiri. Hiyo gharama lazima iwe ndani ya bajeti toka mwanzo. Na cheti cha DBS, cha ukaguzi wa rekodi ya makosa ya jinai, muombe hata kama ni mtoto wa jirani yako toka Temeke.

Hatua ya 7: wok kochi wako hajui unasomesha

Yule mshauri wa kazi wanamwita kochi, sio kochi la kukalia, huyu hakuachi ukae. Kusomesha nyumbani peke yake hakukuondolei masharti ya kutafuta kazi. Mtoto mdogo kuliko wote akiwa na miaka 3 hadi 12 wanaweza kukutaka saa mpaka 30 kwa wiki, akifika 13 ni mpaka 35. Anaweza kupunguza kwa sababu ya malezi lakini ni hiari yake.

Kinachofunga mlango huo ni DLA ya mtoto, benefiti ya mtoto mwenye ulemavu. Mtoto akipata DLA ya matunzo ya kati au ya juu, na wewe unamhudumia saa 35 kwa wiki, unaomba nyongeza ya mlezi kwenye Universal Credit, mwaka 2025/26 ilikuwa pauni 201.68 kwa mwezi, na masharti ya kazi yanaondoka. Huhitaji kuomba Carer's Allowance, ile benefiti ya mlezi inayojitegemea, ili uipate, maana ukiiomba hiyo wanaikata pauni kwa pauni upande wa pili. DLA yenyewe inakuongezea kipengele cha mtoto mlemavu na inawatoa kwenye ile kofia ya juu ya benefiti, yaani kikomo cha jumla mnachoweza kulipwa. Fomu iombe kwa simu, wakikutumia ukairudisha ndani ya wiki 6 wanahesabu toka siku uliyopiga. Kuijaza, mashirika ya ushauri ya Contact au Citizens Advice watakusaidia. Andika ya siku mbaya, andika ya usiku, saa nane kaamka mara ngapi. Sisi tumelelewa kusema "anaendelea vizuri Alhamdulillah", kwenye fomu ile acha hiyo.

Wenye viza yenye zuio

Kama viza yako inakataza msaada wa umma, usiguse Universal Credit, Child Benefit, DLA wala Carer's Allowance mpaka umeongea na mwanasheria wa uhamiaji. Lakini elimu haimo kwenye hiyo orodha ya Home Office, wizara ya uhamiaji. EHCP na EOTAS mtoto wako ana haki navyo kama mwingine yeyote, na nimeona wazazi wanakaa kimya miaka kwa kuogopa kitu kisichowahusu.

Ukienda nyumbani kusalimia

Mtoto hana shule ya kumbana, nauli za Februari ni rahisi, kishawishi kipo. Universal Credit inavumilia mwezi 1 nje, Child Benefit wiki 8, DLA wiki 13. Unasema kabla ya kuondoka, sio ukiwa Ubungo. Na saa za mwalimu ambazo hazikutumika usizifidie kwa kununua aipadi, hela inabaki kwenye akaunti na kaunsili wataitoa hesabu.

Akikaribia 16

Child Benefit wanakatisha tarehe 31 Agosti baada ya kutimiza 16 usipojibu barua yao. Kusoma nyumbani kunaendelea kukubalika mpaka kabla hajafika 20, lakini kama kulianza kabla ya 16, au baada ya hapo awe na EHCP, na masomo yazidi wastani wa saa 12 kwa wiki. Kwa hiyo tafuta ile barua ya zamani inayoonyesha lini alianza kusomea nyumbani, ipige picha, iweke faili moja na plani. Na DLA nayo inaishia 16, anaitwa kwenye PIP, benefiti ya ulemavu ya wakubwa, watauliza nani ataisimamia hela yake kama hawezi mwenyewe, hapo utajaza fomu nyingine ya kuwa msimamizi wake. Hizo barua mbili zinaweza kuja zinafuatana na zote bahasha za kahawia, fungua zote.